Kwa nini ripoti ya kompyuta iliyozimika ghafla haisomeki bila faili za alama?

Asubuhi ya Ijumaa, Julai 19, 2024, saa 1:09 kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, CrowdStrike, ilisambaza sasisho dogo la programu yake. Sasisho hilo liliondolewa dakika 78 baadaye. Hata hivyo, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye mfumo wa Windows zilikuwa zimekwisha kuathirika, nyingi zikibaki na skrini ya buluu. Safari za ndege ziliahirishwa, hospitali zikarejea kwenye karatasi, na baadhi ya vituo vya televisheni vikatoweka hewani.

Julai 27 Microsoft ilichapisha uchambuzi wake wa mkasa huo. Ndani yake mlikuwa na jambo ambalo bila shaka wasomaji wengi walilipita bila kulitazama mara mbili: orodha ya miito, yaani kumbukumbu ya mwisho inayoonyesha ni sehemu ipi ya programu iliyoiita sehemu ipi hadi mashine ikazimika. Mistari iliyohusu Windows ilikuwa na majina kamili ya sehemu hizo, ambazo watunga programu huziita fanksheni. Mistari iliyohusu CrowdStrike ilikuwa na jina la draiva yake, csagent, likifuatwa na nambari tu. Kifaa cha uchambuzi kiliandika kwamba fanksheni hiyo haijulikani.

Orodha ni moja na mashine ni ile ile. Kilichokosekana upande mmoja ni faili la alama.

Majina huenda wapi?

Mtunga programu huandika msimbo wake kwa majina yanayoeleweka na binadamu. Kompaila inapougeuza kuwa programu ya kuendeshwa, majina hayo hayahitajiki tena, kwa kuwa kichakataji hufuata anwani za kumbukumbu. Mashine inapozimika, kinachobaki ni umbali wa kosa kutoka mwanzo wa programu. Ni sawa na kumweleza mgeni wa Kariakoo kwamba ugomvi umetokea hatua 925 kutoka mlango wa soko, bila kumtajia mtaa wala duka.

Ramani ya kugeuza umbali huo kuwa jina la fanksheni, jina la faili na nambari ya mstari hutengenezwa na kompaila, kisha kwa kawaida hutengwa na programu yenyewe. Sababu ya kwanza ni ukubwa: ramani hiyo yaweza kuwa kubwa kuliko programu mara kadhaa, na hakuna haja ya kumlipisha mtumiaji wa simu gharama ya kupakua kitu asichokitumia. Sababu ya pili ni usiri, kwani majina hufichua namna programu ilivyoundwa. Ndiyo maana Microsoft, ingawa ina seva ya umma ya alama za Windows, kwa sehemu kubwa huweka humo toleo lililopunguzwa, lenye majina ya fanksheni lakini lisilo na undani wote.

Ugumu huanza pale mambo mawili yaliyotenganishwa yanapotakiwa kukutanishwa upya. Jina la faili halitoshi, maana programu moja huwa na matoleo mengi, na ramani ya toleo la jana huonyesha mstari usio sahihi katika toleo la leo. Kwa maoni yetu, hilo ni baya kuliko kukosa ramani kabisa. Windows hutatua tatizo hili kwa kugonga kitambulisho kimoja ndani ya programu na ndani ya faili lake la alama, lenye kiambishi PDB.

Kwenye Linux njia ya zamani ilikuwa kuandika ndani ya programu jina la faili la alama pamoja na nambari ya kuhakiki yaliyomo. Mwaka 2007 toleo la 8 la Fedora lilileta kitambulisho cha ujenzi, ambacho kwa kawaida huwa na tarakimu na herufi 40. Mbili za kwanza huwa jina la folda ndani ya /usr/lib/debug/.build-id, na 38 zinazosalia huwa jina la faili, likiishia na .debug. Kifaa cha GDB husoma kitambulisho hicho ndani ya programu na kwenda moja kwa moja kwenye folda hiyo. Faili likiwapo, nambari hugeuka majina papo hapo.

Lisipokuwapo, zamani mhandisi alilazimika kutafuta na kusakinisha kifurushi kizima kinacholingana na toleo lake. Tangu mwaka 2019 mradi wa elfutils una seva iitwayo debuginfod, ambayo hupokea kitambulisho kupitia intaneti na kurudisha faili moja husika. Fedora, Debian na Ubuntu zote zina seva za namna hiyo.

Hakuna seva inayoweza kurudisha kisichohifadhiwa. Aliyetupa faili la alama siku ya ujenzi hawezi kutegemea kujenga upya msimbo ule ule: toleo tofauti kidogo la kompaila hubadilisha anwani na kitambulisho pia. Katika mkasa wa 2024, CrowdStrike, yenye msimbo na alama zake, ilieleza chanzo katika ripoti ya Agosti 6: draiva ilipewa thamani 20, ikajaribu kusoma ya 21 isiyokuwapo. Watu wa nje walikuwa wakibishana juu ya nambari.

Kwa wahandisi wa kanda hii wanaolipia data kwa megabaiti, debuginfod ina nafuu nyingine. Faili lililopakuliwa hubaki kwenye kompyuta, na kosa likijirudia orodha husomeka bila intaneti. Lisipotumiwa kwa wiki moja hufutwa, isipokuwa mwenyewe amebadilisha mpangilio huo. GDB nayo, kabla ya kuuliza seva yoyote, humwomba mtumiaji ruhusa, kwa kuwa kila ombi humjulisha mwenye seva ni programu gani inayochunguzwa.