Radio ya meno: juu ya nini muganga anaiomba, na juu ya nini wakati mwingine anaiacha

Mutu akiambiwa na muganga wa meno "kwanza uende kupiga radio", mara nyingi anawaza mambo mawili: franga za kulipa na woga wa miale. Wengine wanarudi nyumbani palepale, wanangoja jino liume tena. Na kumbe mara nyingi picha hiyo ndiyo inasaidia kuamua kama jino litaponywa ao litangolewa.

Kwa macho, muganga anaona tu sehemu ya juu ya jino. Mizizi na mfupa viko chini ya ufizi. Radio inaonyesha uozo uliojificha katikati ya meno mawili, alama za usaha kwenye ncha ya mzizi, gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa, ao taya lililovunjika kisha ajali ya pikipiki. Kama uozo haujamaliza jino, muganga anaweza kusafisha ndani ya mizizi na kuziba. Bila picha, kazi hiyo ni ya kukisia tu.

Kutoka filimu mpaka kompyuta

Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo huko Ujerumani mwaka 1895. Mwezi wa kwanza 1896, Otto Walkhoff alijipiga picha ya meno yake mwenyewe: alikaa mbele ya miale dakika 25. Leo picha ndogo ya jino haifiki hata sekunde moja.

Kwa miaka mingi hospitali zilitumia filimu. Ilihitaji chumba cha giza, maji safi na dawa za kuoshea picha, na dawa zikiisha kazi inasimama. Mwaka 1987 huko Ufaransa kulitokea kifaa kidogo kinachowekwa mdomoni na kutuma picha moja kwa moja kwenye kompyuta. Mgonjwa anaiona palepale, na miale inayotumika ni kidogo kuliko ya filimu. Sasa kuna hata mashini za kushika mkononi zinazotumia batri, na hilo ni jambo kubwa kwa fasi ambako umeme unapotea kila siku.

Miale ni mingi namna gani?

Kila mutu anapokea miale ya asili kutoka udongo, mawe na anga: wastani wa dunia ni karibu milisiverti 2,4 kwa mwaka. Picha moja ndogo ya jino ni karibu sawa na ile mwili unapokea kwa siku moja. Picha ya taya lote inazidi hapo kidogo.

Hata hivyo, kidogo haimaanishi kupiga ovyo. Desturi ya kumpiga radio kila mgonjwa anayeingia inaachwa: muganga anapashwa kuangalia mdomo kwanza, kisha kuomba picha kama itabadilisha matunzo. Mwaka 2024, shirika la waganga wa meno la Marekani lilisema hata koti la risasi si la lazima tena kwa picha za meno, kama mashini ni nzuri na miale inaelekezwa vema.

Mama mwenye mimba apashwe kusema mapema. Picha ya jino inaweza kupigwa ikihitajika, kwa sababu miale inaelekezwa mdomoni, mbali na mutoto. Usaha ulioachwa bila matunzo nao ni hatari kwake.

Ya kuuliza

Mgonjwa ana haki ya kuuliza: picha hii itaonyesha nini? Kama kuna ya zamani, haitoshi? Bei gani? Na picha aichunge, aende nayo akibadilisha hospitali.

Lakini kama uso umevimba mpaka shingoni, kuna homa, mdomo haufunguki, ao kumeza na kupumua ni shida, asingoje radio wala kesho. Aende hospitali saa ileile.