Taa Nyekundu Ziwani



Mtu akisimama Tunduma, penye mpaka wa Tanzania na Zambia, ataona msururu wa malori yaendayo na yatokayo Dar es Salaam. Dereva akiwakiwa na taa nyekundu mbele yake, huegesha kando ya barabara, akazima injini, akashuka kutazama. Na lori humngoja pale pale. Lakini mwenye boti hana kando ya barabara. Akizima injini, upepo humchukua. Basi leo twataka kueleza jinsi ya kuitii taa ya onyo bila kukipoteza chombo.

Maji makubwa ya Mkoa wetu wa Songwe ni Ziwa Rukwa, lililo kaskazini, chini katika Bonde la Ufa. Huingia humo mto Momba, na mto Songwe pia, nao si ule Songwe wa mpaka wa Malawi uendao Ziwa Nyasa. Mito hiyo huleta tope jingi. Kina cha ziwa ni kifupi, kwa hiyo upepo ukivuma mawimbi huinuka upesi. Tena mna mamba na viboko.

Sisi tulijifunza haya kwa aibu. Siku moja ya likizo tulikodi boti, walimu watano, kwenda kutembea ziwani. Taa ikawaka na king'ora kikalia. Mwenzetu mmoja akasema ni kasoro ya waya tu, akaifunika taa kwa kofia yake. Baada ya kitambo injini ikapunguza nguvu yenyewe, nasi tukaizima kwa hofu, tukaanza kubishana. Tulipoinua macho, upepo ulikuwa umetusukuma hata karibu na matete, na viboko watatu walikuwa wakitutazama. Ndipo mmoja wetu alipoikumbuka nanga.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni nanga, wala si injini. Punguzeni mwendo, zimeni injini, na papo hapo tupeni nanga kutoka omo. Msiifunge tezini, maana mawimbi yataingia kwa nyuma. Kila mtu na avae jaketi lake la kuokolea. Ule ufupi wa kina ulioleta mawimbi sasa ni msaada, kwani nanga hufika chini upesi. Baada ya hayo, isomeni taa.

Ikiwa ni taa ya joto, fikirini maji. Injini itundikwayo nyuma ya boti hupozwa kwa maji ya ziwa lenyewe, nayo hutoa mchirizi mdogo kwa nje kuonyesha kwamba maji yazunguka. Mchirizi ukikoma, inueni injini, mtazame matundu yanyonyayo maji. Sisi tulikuta kipande cha wavu mkuukuu na majani yaliyoyaziba kabisa. Yasafisheni, ngojeni injini ipoe, kisha iwasheni. Mchirizi usiporudi, zimeni tena. Yamkini gurudumu la mpira ndani ya pampu limeliwa na tope na mchanga. Kwa sababu hiyo pia injini isiwashwe nchi kavu bila maji, maana mpira huo huharibika upesi.

Ikiwa ni taa ya oili, msiongeze hata mwendo mfupi, kwani vyuma vikavu husagana. Ngojeni kidogo, mpime oili injini ikiwa wima. Ikiwa imepungua, ongezeni ya aina ile ile. Ikiwa imetosha na taa yaendelea kuwaka, msiiwashe tena. Pigeni makasia au ombeni kuvutwa.

Taa ya betri yataka kinyume chake. Injini ikienda vema, msiizime, maana huenda isiwake tena. Zimeni vitu vingine vyote vitumiavyo umeme, mrudi ufukoni.

Mara nyingine injini huzimika bila taa yoyote. Hapo tazameni mambo mepesi kwanza: je, kamba ya usalama imechomoka? Tundu la hewa katika kifuniko cha tangi limefunguliwa? Bomba la petroli limekanyagwa? Maji yameingia katika petroli? Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya chujio, na huonekana kama chujio ni cha kupenya nuru. Mwisho tazameni plagi, kama imelowa au imeingia masizi.

Kabla ya kutoka, basi, pakieni nanga yenye kamba ndefu, makasia mawili, oili, plagi ya akiba na spana yake, na simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usioingia maji. Mwambieni mtu wa ufukoni mwendako na saa ya kurudi. Siku ile sisi hatukuwa tumemwambia mtu, na kama kamba ya nanga ingalikuwa fupi, hakuna ambaye angalijua pa kututafuta.