Dola milioni za watu wa vijiti

Wachangiaji 14,952. Dola 1,254,120. Muda: mwezi mmoja tu, uliokwisha tarehe 21 Februari 2012. Mpokeaji: Rich Burlew, Mmarekani anayechora watu wenye kichwa cha duara na mikono kama njiti za kiberiti.

Katuni yake, The Order of the Stick, ilianza mtandaoni mwaka 2003. Inawafuata wasafiri sita wanaoishi ndani ya ulimwengu wa mchezo wa Dungeons & Dragons na wanaozijua kanuni zake, hata mtu akikoswa na upanga anaishukuru dadu. Kufikia mwanzo wa 2012 zilikuwa zimetoka sehemu zaidi ya 800, na zote zilisomwa bure. Kilichouzwa ni vitabu, ambavyo Burlew alivichapisha mwenyewe, na baadhi vilikuwa vimeadimika. Ndipo akaenda Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, kuomba dola 57,750 ili arudishe kimoja sokoni.

Mbona pesa nyingi hivyo kwa kitabu ambacho kimeshachorwa na kilishauzwa? Ingia kiwandani uone pleti, yaani mabamba ya kuchapia.

Chukua kitabu cha rangi chenye kurasa 256. Tuseme mashine ya ofseti inachapa kurasa 8 upande mmoja wa karatasi kubwa na 8 upande wa pili. Karatasi ikikunjwa na kukatwa, unapata kurasa 16. Kitabu kizima kinataka karatasi 16 za namna hiyo. Kila upande nao unataka pleti nne, moja kwa kila wino: buluu, waridi, njano na mweusi. Pleti nane kwa karatasi, mara 16, ni pleti 128. Utazilipia zote, uchape nakala 100 au 5,000. Ukichapa 100, kila nakala inabeba gharama ya pleti moja na robo. Ukichapa 5,000, nakala 39 zinachangia pleti moja. Ndiyo maana hakuna anayerudisha kitabu cha rangi mashineni kwa ajili ya wateja hamsini, na ndiyo maana mchapishaji mdogo huhitaji fedha nzito kabla hajauza nakala hata moja.

Alichokipata Burlew kilizidi alichoomba karibu mara 22, naye akaongeza vitabu vingine kwenye orodha. Ukigawa, ni kama dola 84 kwa kila mchangiaji, kwa hadithi ambayo angeweza kuisoma bila kutoa senti. Wastani huo usikulaghai: aliyetoa kumi na aliyetoa mamia wamewekwa kapu moja. Katuni ya bure huishi hivyo, wengi wasome na wachache walipe kwa niaba yao.

Sasa tukate. Kickstarter huchukua asilimia 5, yaani dola 62,706. Ada hiyo peke yake ni kubwa kuliko kiasi chote alichokuwa ameomba mwanzoni. Malipo wakati huo yalipitia Amazon, waliokata kati ya asilimia 3 na 5; hapo weka dola 37,600 hadi 62,700. Kwa hiyo zaidi ya laki moja ilikwenda kabla wino haujagusa karatasi.

Kilichobaki kilikuwa deni. Tufanye hesabu ya chini kabisa: kila mchangiaji apelekewe kifurushi kimoja cha kilo moja. Hizo ni tani 15. Ukikifunga kimoja kwa dakika tano, boksi, gundi na anwani, utatumia saa 1,246. Kwa siku ya kazi ya saa nane ni siku 156, bila mapumziko na bila kuchora mstari mmoja. Na wapo waliotaka seti nzima ya vitabu, si kimoja.

Halafu posta. Shirika la posta la Marekani lilifuta huduma ya vifurushi vya meli kwenda nje mwaka 2007, kwa hiyo kitabu cha msomaji wa ng'ambo kilipaswa kupanda ndege. Januari 2013 shirika hilohilo likapandisha sana bei za nje. Aliyetoza nauli ya 2012 akatuma mzigo 2013 alijaza tofauti kutoka mfukoni mwake.

Kuna gharama ambayo haikuwamo kwenye jedwali lolote. Septemba 2012 Burlew aliukata mkono kwa kioo kilichovunjika, jeraha likahitaji upasuaji, na uchoraji ukasimama kwa miezi. Biashara nzima, tani zote zile, ilikuwa imesimama juu ya mkono mmoja. Mojawapo ya hadithi za ziada zilizoahidiwa wachangiaji, How the Paladin Got His Scar, ilikuja kuingia kwenye kitabu cha karatasi mwaka 2018, miaka sita baada ya kampeni kufungwa.

Magazeti yalishangilia milioni. Mimi naiita oda: wateja karibu 15,000 wamelipa kwanza, wanasubiri mzigo. Kwa hiyo wewe mchoraji unayepanga kuomba wasomaji wako wakuchangie, kabla hujatangaza zawadi, chukua kitabu kimoja chenye unene uleule, kifunge vizuri, kipeleke posta ukakipime kwenye mizani yao.