Mtoto anachoka akinyonya? Huenda mshipa karibu na moyo haujajifunga

Kwa mtoto mchanga, kunyonya ni kazi ngumu. Anavuta, anameza na kupumua kwa zamu, mara nane au zaidi kwa siku. Ndiyo maana tatizo la moyo mara nyingi huanza kuonekana mtoto akiwa kifuani kwa mama yake.

Makala hii inaeleza tatizo moja la kuzaliwa nalo: mshipa wa damu uliotakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa, lakini ukabaki wazi. Kwenye karatasi ya rufaa unaweza kuona umeandikwa PDA. Likigunduliwa mapema, watoto wengi hutibiwa na kupona.

Mshipa huu ni wa nini?

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni anaipata kutoka kwako kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kwa kuwa mapafu bado hayafanyi kazi, kuna mshipa mfupi unaopitisha damu kando ya mapafu na kuipeleka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa mwili. Kila mtoto anakuwa nao.

Akizaliwa na kuvuta pumzi, kazi ya mshipa huo inakwisha. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, kwa kawaida hujibana na kuacha kupitisha damu ndani ya siku 3 za kwanza, kisha huziba kabisa katika wiki zinazofuata.

Ukibaki wazi, damu ambayo ingekwenda mwilini hurudi kwenye mapafu. Mapafu hujaa damu kupita kiasi na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Uwazi mdogo unaweza usilete dalili yoyote. Uwazi mkubwa humchosha mtoto, na mara nyingi dalili huanza wiki chache baada ya kutoka hospitali, wakati kila mtu anaamini mtoto ni mzima.

Ni watoto gani wako kwenye hatari zaidi?

- Waliozaliwa kabla ya wakati (njiti). Kadiri mtoto anavyozaliwa mapema, ndivyo uwezekano unavyoongezeka.
- Ambao mama zao waliugua rubela katika miezi 3 ya kwanza ya ujauzito.
- Wenye hali ya Down.
- Watoto wa kike hupata zaidi kuliko wa kiume.

Mara nyingi, hata hivyo, sababu haijulikani. Si kosa lako mama, wala si laana.

Dalili za kuangalia nyumbani

- Ananyonya kidogo, anaachia titi, anahema, anasinzia, kisha anaamka na njaa.
- Anatoka jasho kichwani na usoni akinyonya, hata kukiwa na ubaridi.
- Anapumua haraka akiwa ametulia. Fungua nguo, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika 1 nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Ukipata hivyo, hesabu tena. Ikirudia, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Uzito hauongezeki. Mtoto hupungua kidogo siku za kwanza, lakini wiki 2 zikifika awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Angalia mstari kwenye kadi ya kliniki.
- Anapata kikohozi au nimonia mara kwa mara.

Kwa sababu ya kikohozi na kudhoofika, wengine watakuambia mtoto ana kimeo, akatwe. Usikubali. Kukata kimeo hakutibu moyo, na kunaweza kumsababishia mtoto kutokwa na damu nyingi au maambukizi. Wengine watasema ana jicho baya, au maziwa yako ni mepesi. Maziwa yako hayana tatizo. Mtoto anakosa nguvu ya kuyavuta.

Ukifika kituo cha afya

Usiseme tu kwamba mtoto anaumwa. Eleza ulichokiona: "Anachoka akinyonya, anatoka jasho kichwani, na uzito hauongezeki." Kisha omba asikilizwe moyo. Mara nyingi mshipa ulio wazi hutoa mlio usio wa kawaida. Mtoto akihisiwa kuwa na tatizo hili, atapewa rufaa kufanyiwa kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Hakina sindano wala maumivu.

Matibabu hutegemea ukubwa wa uwazi na umri wa mtoto. Uwazi mdogo unaweza kufuatiliwa tu. Njiti wengine hupewa dawa wodini za kuusaidia mshipa kujibana. Kwa mtoto aliyetimiza miezi dawa hizo kwa kawaida hazisaidii, hivyo mshipa huzibwa kwa kifaa kidogo kinachopitishwa kwenye mrija mwembamba kuanzia pajani, au kwa upasuaji. Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) iliyopo Dar es Salaam hutibu watoto wenye matatizo ya moyo. Kama gharama ni kikwazo, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujakata tamaa.

Kwa nini usisubiri akue?

Uwazi mkubwa ukiachwa kwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa. Ikifikia hapo, kuuziba mshipa hakusaidii tena na kunaweza kuhatarisha maisha. Tatizo ambalo lingetibika utotoni linakuwa ugonjwa wa maisha yote. Tarehe ya rufaa isipite.

Wakati mnasubiri matibabu

- Endelea kumnyonyesha, kidogo kidogo na mara nyingi. Akichoka, kamua na umpe kwa kikombe kidogo kisafi.
- Mpe chanjo zote kwa wakati, na mpime uzito kila kliniki.
- Usimpe dawa za kienyeji wala dawa za maumivu kwa kubahatisha. Kuna matatizo mengine ya moyo ambayo mtoto anaishi kwa sababu mshipa huu uko wazi. Ni daktari tu anayeweza kujua.

Na ukiwa mjamzito: usimeze diclofenac au ibuprofen bila kuandikiwa na daktari, hasa kuanzia mwezi wa 7. Zinaweza kuufunga mshipa huu mapema, mtoto akiwa bado anauhitaji.

Mpeleke hospitali sasa hivi, hata usiku, kama:

- midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu (kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, tazama ulimi na fizi);
- kifua kinabonyea ndani akipumua, au anakoroma kwa kila pumzi;
- amegoma kabisa kunyonya;
- amelegea au haamki.

Mkiwa njiani mkumbatie kifuani kwako, awe na joto, na uchukue kadi yake ya kliniki.