Neno la Kiingereza "Fee" na Maana Zake

Katika karatasi za Kiingereza zifikazo vijijini, za mahakama, za shule, za hospitali na za ardhi, liko neno moja fupi lisilokosekana, nalo ni "fee", lisomwalo "fii". Wengi hulifasiri kwa neno "malipo", wakaishia hapo. Si kosa, walakini malipo ni neno pana mno, na mtu asiyejua ni malipo ya namna gani aweza kudai asichostahili, au kutoa asichodaiwa. Kwa hiyo twaona yafaa tulieleze pamoja na jamaa zake.

Waingereza wa kale walikuwa na neno "feoh", maana yake ng'ombe, na mali, na fedha pia, kwa kuwa utajiri wa mtu kwao ulihesabiwa zizini. Msukuma au Mmasai hataona ajabu. Wajerumani hata leo huwaita wanyama wa kufugwa "Vieh", na matamshi yake ni "fii" vilevile. "Fee" ya leo ni ya ukoo huo, ijapokuwa ilipitia kwanza katika Kifaransa, ambako ilikuwa na maana ya ardhi aliyopewa mtu na mkubwa wake kwa sharti la kumtumikia. Maana hiyo ya ardhi ingali katika maneno ya sheria. Mtu akisoma "fee simple" katika hati ya shamba, asidhani ni ada nyepesi! Maana yake ni milki ya ardhi isiyo na kikomo cha miaka, ambayo mwenyewe aweza kuiuza na kuirithisha. Kenya milki ya namna hiyo ingaliko. Tanganyika iliondolewa kwa sheria ya mwaka 1963.

Sasa tuwatazame jamaa zake. "Wage" ni ujira, nao hasa ni wa kazi ya mikono, huhesabiwa kwa saa, kwa siku au kwa juma. "Salary" ni mshahara. Shina lake katika Kilatini ni chumvi, na shina la neno letu katika Kiarabu ni "shahr", yaani mwezi. "Fare" ni nauli. "Rent" ni kodi ya nyumba na "tax" ni kodi ya Serikali, na hapa Kiswahili ndicho kilicho na upungufu, kwani chatumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana. "Fine" ni faini, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mwisho, yaani fedha ya kulimaliza jambo. Faini hutozwa mkosaji; "fee" hulipwa na mtu asiye na kosa lolote, ambaye ana haja tu.

Basi "fee" yenyewe ni nini? Ni malipo ya huduma ya mtu mwenye elimu yake, kama daktari au wakili, au ya ofisi itoayo ruhusa, hati au nafasi. Kwa Kiswahili twasema ada. Na hapa ndipo penye fundisho lenyewe, kwani mlipaji wa ada hanunui matokeo.

Mathalan, mtu amenyang'anywa shamba na jirani yake. Aenda mahakamani, alipa ada ya kufungua shauri, apewa namba ya shauri na siku ya kusikizwa. Siku hiyo mashahidi wasema, hakimu aandika, na mwisho mtu yule ashindwa. Hapo hutoka nje kwa ghadhabu akisema, "Fedha yangu wamekula, na haki yangu hawakunipa." Huyu alidhani amelipia shamba. Lakini ada yake ilikwisha fanya kazi yake yote: shauri liliandikwa, jirani aliitwa, maneno ya pande zote mbili yalisikizwa. Kama ada ingalinunua hukumu, jirani naye angalileta iliyo kubwa zaidi, na shamba lingalikuwa la mwenye fedha nyingi. Na kama mdai angalishinda, mahakama ingaliweza kumwamuru jirani amrudishie gharama zake, ada ikiwamo. Vivyo hivyo ada ya mtihani haimpi mtoto kufaulu, wala ada ya daktari haiahidi uzima.

Twajua uchungu huu watoka wapi. Katika makabila mengi mganga alipewa kitu kidogo cha kuanzia, na yaliyobaki alipewa mgonjwa akiisha kupona. Nalo lilikuwa patano la haki, ila halikuwa "fee".

Neno ada lenyewe ni la Kiarabu, maana yake desturi, jambo la mazoea. Kwa hiyo sifa ya ada ni kujulikana na wote kabla ya kulipwa. Linganisha na neno hongo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi, nguo na shanga na nyaya za shaba, ipate njia na maji. Ilitolewa mchana mbele ya watu, tena kwa majadiliano marefu, na hakuna aliyeona haya, kwani ilikuwa ushuru wa nchi. Leo hongo ni rushwa, itolewayo gizani. Hivyo neno lililokuwa jamaa wa karibu wa ada limekuwa adui yake.

Kwa hiyo mtu akiambiwa alipe "ada" ofisini, na aulize kiasi kimeandikwa wapi, na stakabadhi itatolewa kwa jina la nani. Siku hizi Tanzania malipo ya Serikali hupewa namba yake kabla ya fedha kutolewa, na namba hiyo ni shahidi mzuri.

Limebaki neno la shule. "School fees" Kenya huitwa karo, na Tanzania ada. Kenya karo ya shule za msingi za Serikali iliondolewa Januari 2003. Tanzania ada iliondolewa katika shule za msingi mwaka 2001, na tangu Januari 2016 katika shule za Serikali hata kidato cha nne. Baada ya hapo lilibaki neno "mchango". Mchango ni kile ambacho watu wamekubaliana kukichanga, kila mmoja kwa uwezo wake. Ukitajwa kwa kiasi kimoja kwa wote, na mtoto asiyeuleta akarudishwa nyumbani, jina ni mchango, lakini kitu chenyewe ni ada, nayo imekwisha ondolewa. Mzazi ana haki ya kuuliza katika mkutano wa kijiji, na mwalimu mkuu ana wajibu wa kumjibu.