Mkuu wa Mkoa Asiye Mwenyeji

Mkoa wa Njombe ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, uliwekwa chini ya mkuu wa mkoa, mteule wa Rais ambaye, kwa mujibu wa ibara ya 61 ya Katiba ya mwaka 1977, husimamia shughuli zote za Serikali katika eneo alilokabidhiwa. Wananchi hawampigii kura, na kwa kawaida si mwenyeji wao: Christopher Ole Sendeka, aliyekuwa mbunge wa Simanjiro huko Umasaini, alipelekwa kuongoza mkoa wa Wabena, Wakinga na Wapangwa, naye Anthony Mtaka alikuwa ameshapitia Simiyu na Dodoma kabla ya kuhamishiwa Njombe mwaka 2022.

Watawala wa Korea walikwishaugeuza utaratibu wa namna hiyo kuwa sheria. Chini ya ufalme wa Joseon, ulioanza mwaka 1392, nchi iligawanywa katika majimbo 8, na kila jimbo lilikuwa na gwanchalsa, yaani gavana aliyewakagua maofisa wa wilaya kwa niaba ya mfalme. Gavana huyo alikatazwa kutumikia nyumbani kwao, na muda wake wa kawaida ulikuwa siku 360, ili asiote mizizi wala kushikamana na koo zenye nguvu. Dawa hiyo ilikuwa na madhara yake, kwani mgeni aliyeondoka kabla ya kuizoea nchi aliwategemea hyangni, makarani wenyeji waliorithishana kazi na kuzijua siri za kodi na ardhi kuliko yeye.

Njombe haina makarani wa kurithi, bali ina madiwani, na hapo ndipo Makambako inapostahili kutazamwa kwa makini. Mji huo, unaokutanisha reli ya TAZARA, barabara kuu ya Mbeya na ile ya Songea, una halmashauri yake, lakini kiutawala umo ndani ya wilaya ya Njombe, hivyo diwani aliyechaguliwa hujadili soko na ushuru huku usalama ukisimamiwa na mkuu wa wilaya ambaye naye ni mteule. Mizani hailingani: Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawaruhusu wakuu wa mikoa na wa wilaya kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48, kwa masharti ambayo, ni haki kusema, hayakuzingatiwa kila mara nchini, ilhali diwani hana amri ya aina hiyo hata katika kata yake.