Duka la Mgiriki, Duka la Mnande

Siku ya posho ukishuka Boulevard de Libération hapa Bunia, usikimbie. Tembea polepole, usome maandiko yaliyo juu ya milango. Mabati, saruji, pikipiki, vitenge, mafuta ya kupikia, simu na betri zake. Uliza kila mara: "Magazini hii ni ya nani?" Mara nyingi utajibiwa kwamba ni ya Mnande, mtu wa Butembo, wa Beni ao wa Lubero. Halafu usikilize neno ambalo vijana wanaongeza kwa sauti ndogo: "Bale batu ndio banakula feza yetu."

Labda wewe mwenyewe umelisema. Si neno jipya. Babu zetu walilisema pia, lakini wakati ule walikuwa wanawasema Wagiriki. Hadithi ya Wagiriki katika inchi yetu imekwisha karibu yote. Hadithi ya Wanande ingali inaendelea mbele ya macho yetu. Basi tuziweke pamoja, tuangalie feza ilitoka wapi, na ilikwenda wapi.

Wagiriki waliingia Kongo zamani za Wabelgiji. Wengine walitoka visiwani, wengine Kipro, wengine Misri. Usifikiri walikuja wakiwa matajiri. Mambo makubwa yalikuwa mikononi mwa Wabelgiji: reli, benki, na dhahabu yetu ya Kilo, iliyoonekana mwaka 1903, ambayo pamoja na ile ya Moto iliwekwa chini ya kompani moja mwaka 1926. Mbelgiji alimdharau Mgiriki, alimhesabu kuwa mzungu mdogo. Kwa hiyo Mgiriki alikwenda pale Mbelgiji hakupenda kukaa, yaani kijijini na kando ya cité ya watu weusi. Aliuza chumvi, sabuni, vitambaa na samaki mkavu. Alinunua pamba, mpunga, mawese na kahawa.

Alianza namna gani? Kijana aliitwa na mjomba wake aliyetangulia. Alilala nyuma ya duka, akawa karani miaka kadhaa kwa mshahara mdogo, akajifunza lugha na bei. Siku moja mjomba alikwenda naye kwa muuzaji wa jumla, akasema: mpe mali, mimi ninamsimamia. Kijana akapewa mali bila kulipa. Akauza, akalipa, akapewa mali kubwa zaidi. Hivyo maduka yalifuatana kama shanga katika uzi, Kisangani, Isiro, Bunia. Isiro hasa, mji wa kahawa na pamba, Wagiriki walikuwa wengi.

Lakini tuseme kweli yote. Sheria ya wakati ule ilimbeba Mgiriki. Mkongomani hakuruhusiwa kujenga katika mji wa wazungu, na mtu asiye na hati ya kiwanja, benki itamkopesha kwa nini? Ni mashindano ya mbio ambamo mmoja amevaa viatu na mwingine amefungwa miguu. Mwenye kusema Mgiriki alishinda kwa akili tu, hajui habari hiyo.

Mwaka 1964 uasi wa Simba uliwapiga. Katika Kisangani na Isiro wengi waliuawa ao walikimbia bila kitu. Baadaye wengine walirudi, wakafungua milango tena. Ndipo ikaja siku ya tarehe 30 Novemba 1973.

Wazee wangali wanaikumbuka. Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakuwa mali ya Wazairwa. Jina lake ni zaïrianisation. Duka, kamyo, nyumba, ghala, vyote vilipewa mtu aliyeitwa acquéreur. Na wengi waliopewa hawakuwa wachuuzi wa sokoni, wala makarani weusi waliopima sukari dukani mule miaka ishirini. Walikuwa watu wa chama, watu wa Leta, na jamaa zao.

Umepata ufunguo, umefungua mlango, rafu zimejaa. Ungefanya nini? Wengi waliuza vitu vilivyokuwamo na kula feza yake kama mshahara. Rafu zilipokuwa tupu, hawakujua wapi pa kuzijaza. Muuzaji wa jumla aliyekuwa Kinshasa ao Ulaya alimjua Mgiriki, alijua deni lake na siku yake ya kulipa, acquéreur hakumjua. Wakulima nao walikuwa wameandikwa katika daftari ya Mgiriki, huyu amechukua jembe, yule atalipa kahawa ikivunwa. Daftari ile haikumsaidia mtu tena. Katika miezi michache mtu wa kijijini alikosa chumvi. Neno "acquéreur" likageuka kuwa kichekesho cha watu wote.

Mwaka 1976 serikali iliwaita wenyewe warudi. Wachache walirudi. Wengi walikuwa wamekwisha kuhesabu hasara yao na kutulia kwingine, Athens ao Afrika ya Kusini. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wametangulia katika njia hiyo: mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na maduka ya Kampala yakagawiwa vilevile. Uganda ilikaa miaka mingi bila sukari wala sabuni ya kutosha.

Kwetu Ituri jambo hilo liliacha kidonda kingine. Katika Djugu na Irumu mashamba ya kahawa na malisho ya ng'ombe ya wazungu yalichukuliwa na watu wachache wenye elimu na nafasi serikalini, wengi wao wakiwa Wahema. Mfugaji wa kawaida wa Kihema hakupata hata kona. Lakini mkulima wa Kilendu aliyekuta amezungushiwa mpaka hakuona mtu mmoja mwenye hati, aliona kabila zima. Vita iliyoanza mwaka 1999 ilikuwa na mizizi mingi, na huo ni mmoja.

Sasa tuje kwa Wanande. Nchi yao ni milima ya Lubero na Beni, udongo mzuri, baridi, na watu wengi juu ya shamba dogo. Tangu zamani walishuka kutafuta chumvi ya Katwe na samaki wa ziwa Edward, wakabadilisha na vyakula vyao. Wabelgiji walipoleta mboga za Ulaya, wao walizilima. Kabichi, viazi, vitunguu, poro na maharagwe vilipakiwa juu ya kamyo kwenda Kisangani na kuja Bunia. Mnande mwenye ghorofa leo, ukimwuliza juu ya baba yake, mara nyingi atakuambia habari ya gunia la maharagwe.

Halafu kahawa. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazili, na miaka miwili iliyofuata bei ilipanda duniani pote. Leta yetu ililipa mkulima bei ndogo kwa feza isiyo na nguvu. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, walilipa dola na mali. Unaelewa kahawa ilipita njia gani usiku. Ilikuwa magendo, hatuwezi kuiita jina lingine; na Leta iliyofunga mlango wa mbele ilikuwa na sehemu yake katika kosa hilo. Mwaka 1982 sheria iliruhusu watu kuchimba na kuuza dhahabu, na wafanyabiashara wa Butembo wakaongeza mzigo huo. Dhahabu ilikwenda Kampala, vitu vilirudi kutoka Nairobi, baadaye kutoka Dubai, na leo kontena zinatoka Guangzhou kupitia Mombasa.

Umeona jambo? Mnande aliingia mahali Mgiriki alipotoka, lakini hakupewa ufunguo na mtu. Na njia yake ni ileile ya Mgiriki: mtoto wa dada analala nyuma ya magazini, anajifunza, halafu mjomba anamsimamia. Tajiri mmoja wa Butembo anaagiza kontena, anagawa mali kwa kumi wenye kumaliza deni vizuri, na kila mmoja wa hao anagawa kwa wadogo. Benki haimo. Hati haimo. Ukikosa kulipa, habari inafika nyumbani kabla yako, na jamaa yote inaona haya. Wamisionari nao walisaidia, Wabaptisti pamoja na mapadri wa Asomsio waliofika upande wa Beni mwaka 1929, kwa maana walifungua shule, na mtu anayejua kuandika deni hadanganywi kwa urahisi.

Tofauti kubwa iko katika mahali faida inapolala. Mgiriki alikuwa na pasipoti ya mbali, na akiba yake ilimngoja Ulaya. Mnande alijenga kwao. Butembo iko na nyumba za ghorofa, iko na Université Catholique du Graben iliyoanza mwaka 1989, na mara nyingi wafanyabiashara wenyewe wametoa feza ili barabara itengenezwe. Lakini kijana wa Mudzi-Pela atauliza: "Butembo ni sawa. Na Bunia je?"

Ulizo hilo ni la haki, tusilifunike. Wewe uko na diploma, unaomba kazi ya kuhesabu mali, unakuta amewekwa mpwa aliyefika juzi na lori la vitunguu. Inauma. Sababu yake inajulikana: tajiri akiibiwa na wewe, atakushtaki wapi, na kesi itamalizika mwaka gani? Mpwa akiiba, wazee wa jamaa watakaa na kumhukumu kesho yake. Tajiri anaogopa, ni kweli, lakini woga wake unamfungia nje mtoto wa jirani, na baada ya miaka thelathini katika mji mmoja ni vigumu kumwelewa mtu anayesema hajamjua jirani bado.

Ninyi mnaosoma mkiwa Mongbwalu mko na neno lenu pia. Mnunuzi wa dhahabu anatanguliza mchele, maharagwe, pampu na mafuta yake. Mchimbaji anaingia shimoni akiwa na deni. Dhahabu ikitoka, hawezi kuipeleka kwa mwenye bei nzuri, ni lazima aiuze kwa yule aliyemlisha, juu ya mzani wake, unaopima kwa vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani. Anaitwa Mnande, Mhema ao Mwalur, hesabu ni moja. Mgiriki alimfanyia mlima pamba vilevile. Mwenye kukopesha ndiye anayepanga bei pande zote mbili, na mchimbaji hataona mwisho wa deni mpaka awe na chakula cha wiki mbili kilicho chake mwenyewe. Vikundi vya likelemba vinavyoweka akiba ya chakula, si ya feza peke yake, vinaweza kumfikisha hapo.

Tena usidanganywe na ghorofa. Mnande unayemwona ni yule aliye juu. Wasioonekana ni wengi: mama anayeinama juu ya fungu la poro, kijana wa kubeba magunia, na jamaa zilizokimbia mauaji ya upande wa Beni tangu mwaka 2014 na kufika Ituri na sufuria moja. Hao hawana kontena Dubai. Neno "bale batu" linawagonga hao kwanza, kwa sababu hawana ukuta wala mlinzi.

Tuliliona mwaka 2002. Mwezi wa Agosti, UPC ilipoishika Bunia, watu walitengwa kwa kabila, na Mnande alihesabiwa kuwa "non-originaire" pamoja na adui. Wanande waliuawa, pamoja na Walendu, Wangiti na Wabira, maduka yalivunjwa. Mwezi wa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, mauaji na uporaji vilirudia, na Wahema pia waliuawa wengi, mpaka askari wa Ulaya walipofika mwezi wa Juni. Aliyebeba mabati siku zile aliuza mabati yale, akala. Hakuweza kuagiza mengine. Ni hadithi ya acquéreur mara ya pili, bali safari hii kwa damu.

Na magazini zilijaa tena namna gani? Wenyewe waliporudi, wengi bila franga, Butembo iliwapa mali kwa deni. Waliokuwa wamelipa vizuri kabla ya vita walipewa kwanza.

Kwetu Ituri hatukosi watu wa namna hiyo. Soko la Ariwara, karibu na mpaka wa Uganda, linajaa wafanyabiashara wa Aru wenyewe. Na hapa karibu, Kasenyi na Tchomia, kuna mama wanaochukua samaki ziwani asubuhi bila kulipa, wanawapandisha Bunia, na kumrudishia mvuvi feza yake. Siku ya posho ukinunua samaki kwa mmoja wao, umwulize ilichukua muda gani mpaka mvuvi akampa kapu la kwanza, na ni nani aliyemsimamia siku ile.